Uzi: Kasi kubwa si mchapuko mkubwa. Tuzisome mita 100 za Bolt kipande kwa kipande

Mwalimu wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha fizikia kidato cha pili na cha tatu. Kila mwaka nikisahihisha mada ya mwendo nakutana na jibu lilelile: "Kitu chenye kasi kubwa kina mchapuko mkubwa." Wanaoandika hivyo si wale wasiojua hesabu. Ni watoto wazuri kabisa, fomula zote wanazo kichwani, na ukiwauliza mchapuko ni nini wanakujibu bila kuyumba kwamba ni mabadiliko ya kasi kugawanya kwa muda. Lakini wape gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka, dereva haongezi wala hapunguzi, uulize mchapuko wake. Wengi wanaanza kutafuta namba ya kuandika. Jibu ni sifuri.

Nimeona niweke hapa njia ninayoitumia darasani, wenye watoto na wanafunzi wenyewe waijaribu. Nawapa mbio za Usain Bolt pale Berlin, tarehe 16 Agosti 2009, alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Kilichonivutia ni kwamba muda wake ulichukuliwa kila baada ya mita 10:

mita 10 – sekunde 1.89
mita 20 – 2.88
mita 30 – 3.78
mita 40 – 4.64
mita 50 – 5.47
mita 60 – 6.29
mita 70 – 7.10
mita 80 – 7.92
mita 90 – 8.75
mita 100 – 9.58

Chukueni kalamu. Toa muda wa juu kutoka wa chini yake, upate kila kipande cha mita 10 kimemchukua sekunde ngapi, kisha gawanya 10 kwa muda huo. Kipande cha pili, mita 10 hadi 20, kimechukua sekunde 0.99, kwa hiyo kasi yake hapo ni kama mita 10.1 kwa sekunde. Cha tatu 11.1. Cha nne 11.6. Cha tano 12.0. Cha sita 12.2. Cha saba, kati ya mita 60 na 70, ni 12.3, na hiyo ndiyo kasi yake ya juu kabisa, zaidi ya kilomita 44 kwa saa. Baada ya hapo inashuka kidogo: 12.2, halafu 12.0 mpaka mwisho.

Sasa angalieni kasi inavyoongezeka. Kutoka kusimama hadi katikati ya kipande cha pili ametoka sifuri hadi 10.1 ndani ya sekunde 2.2 hivi. Huo ni mchapuko wa wastani wa mita 4.5 kwa sekunde kwa kila sekunde. Kutoka kipande cha pili hadi cha tatu mchapuko umeshuka hadi 1.1. Kuingia cha nne 0.6, cha tano 0.5, cha sita na cha saba chini ya 0.2. Na pale kwenye kilele, pale ambapo hakuna binadamu mwingine aliyewahi kurekodiwa akikimbia hivyo kwenye mita 100, mchapuko wake ni sifuri.

Rudieni kuisoma hiyo. Mchapuko wake mkubwa kabisa ulikuwa mwanzoni, wakati kasi yake ni ndogo kuliko ya mtoto anayekimbilia kengele ya shule. Na kasi yake kubwa kabisa ilikuja wakati mchapuko umekwisha.

Karibuni kwa maswali.

Chipukizi F2

Shikamoo mwalimu. Mimi nipo kidato cha pili. Kwenye zoezi letu tunagawanya tu 100 kwa 9.58 tunapata 10.44. Mbona hiyo namba haimo kabisa kwenye orodha yako?

Mwalimu wa Zamu

Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri sana.

Hiyo 10.44 ni kasi ya wastani. Ukiizidisha kwa 3.6 unapata kilomita 37.6 kwa saa. Ni hesabu sahihi, ila ni kasi ambayo Bolt aliipita mara moja tu, kwa kitambo kidogo sana, karibu na mita ya 20, wakati anaongeza. Kabla ya hapo alikuwa chini yake na baada ya hapo alikuwa juu yake hadi mwisho. Wastani unakueleza safari nzima imechukua muda gani. Haukuelezi mtu alikuwa anafanya nini njiani.

Na kama unajiuliza hiyo 3.6 inatoka wapi: saa moja ina sekunde 3,600 na kilomita moja ina mita 1,000. 3,600 gawanya kwa 1,000. Kutoka m/s kwenda km/h unazidisha, kutoka km/h kwenda m/s unagawanya. Usiikariri, itoe mwenyewe kila ukiihitaji, baada ya wiki itakaa.

Jambo lingine kabla sijasahau. Ndani ya ile 1.89 ya mwanzo kuna sekunde 0.146 ambazo Bolt hakusogea kabisa. Ni muda tangu bastola ilie hadi miguu yake ilipoanza kusukuma vile vyuma vya kuanzia. Ndiyo maana hesabu yangu ya 4.5 nimeianzia pale alipoanza kusukuma.

Wa Rift

Salamu kutoka Eldoret. Mwalimu umeeleza vyema, ila usitusahau huku. Ferdinand Omanyala alikimbia 9.77 pale Kasarani, Nairobi, tarehe 18 Septemba 2021, rekodi ya Afrika. Hiyo inakuwaje ukilinganisha?

Mwalimu wa Zamu

Ndugu yangu, asante kwa kuileta. 100 kugawanya kwa 9.77 ni mita 10.24 kwa sekunde, kilomita 36.8 kwa saa kwa wastani. Tofauti na Bolt ni sekunde 0.19. Inaonekana kiduchu, lakini pale mwishoni mtu wa kiwango hicho anakwenda karibu mita 12 kwa sekunde, kwa hiyo ungewaweka mstari mmoja Bolt angekuwa mbele kwa zaidi ya mita mbili.

Nairobi ipo juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Kwa mkimbiaji wa mbio fupi hiyo inasaidia kidogo, maana hewa ndiyo inayomrudisha nyuma akishakuwa na kasi. Kwa mkimbiaji wa mbio ndefu hewa hiyohiyo ni adhabu, kwa kuwa oksijeni ni chache.

Na hapo ndipo lilipo jibu la kwa nini mchapuko wa Bolt unakwisha. Mwanzoni miguu inasukuma ardhi kwa nguvu na hakuna kikubwa cha kumzuia. Kadiri kasi inavyopanda, upinzani wa hewa unakua, na zaidi ya hapo kila hatua mguu unagusa ardhi kwa kitambo kifupi zaidi, kwa hiyo nafasi ya kusukuma inapungua. Nguvu za kumsukuma mbele na za kumrudisha zikilingana, kasi haibadiliki tena. Haina maana kwamba amepumzika. Anatumia nguvu zote alizonazo ili tu asipungue.

Mama wa Wawili

Habari mwalimu. Mwanangu kaletewa majibu, swali moja jibu ni mchapuko wa hasi 3. Anasema hasi maana yake kitu kinarudi nyuma. Mimi sikusoma fizikia ila naona kama haiji, maana swali linasema baiskeli inafunga breki. Inarudije nyuma?

Mwalimu wa Zamu

Dada yangu, umeona sawasawa. Baiskeli bado inakwenda mbele, ila kila sekunde inayopita kasi yake inapungua kwa mita 3 kwa sekunde. Kama ilikuwa 12, baada ya sekunde moja ni 9, kisha 6, kisha 3, kisha imesimama. Alama ya hasi inaeleza mchapuko unaelekea wapi, na hapa unaelekea kinyume cha safari.

Mwambie afanye jaribio hili. Achukue chungwa, alirushe juu wima. Tuseme limetoka mkononi kwa kasi ya mita 9.8 kwa sekunde. Dunia inalivuta chini, na mvuto huo unabadilisha kasi kwa mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde. Baada ya sekunde moja chungwa lipo juu ya mkono kwa mita 4.9 na kasi yake ni sifuri.

Muulize: pale juu kabisa, chungwa limesimama kwa kitambo, mchapuko wake ni ngapi?

Karibu darasa zima linasema sifuri. Kama ingekuwa sifuri, chungwa lingebaki hukohuko juu. Kasi yake ni sifuri na mchapuko ungekuwa sifuri, basi ni kitu gani kingelifanya lianze kushuka? Mchapuko pale ni 9.8 kuelekea chini, uleule uliokuwepo wakati linapanda, uleule utakaokuwepo wakati linashuka. Haukubadilika hata kidogo tangu liliponyanyuka kwenye vidole.

Kwa hiyo tunazo picha mbili. Bolt kwenye mita ya 65: kasi ya juu kabisa, mchapuko sifuri. Chungwa kileleni: kasi sifuri, mchapuko wote upo. Mwanafunzi akiweza kuzieleza hizo mbili kwa maneno yake mwenyewe, bila fomula, kwangu mimi ameshaielewa mada.

Dereva Mkoani

Mwalimu, mimi naendesha basi la mkoani, shule niliishia darasa la saba ila huu uzi nausoma neno kwa neno. Sheria inatutaka tusizidi 80, na penye makazi 50. Abiria wanapiga kelele "dereva kanyaga, tunachelewa". Naomba unipe hesabu ya breki, niwe nawajibu.

Mwalimu wa Zamu

Kaka, hili ndilo swali ambalo laiti lingekuwa kwenye kila mtihani.

Kusimama kuna sehemu mbili. Kwanza unaona hatari, akili inaamua, mguu unahama kutoka mafuta kwenda breki. Tuchukulie sekunde moja. Ndani ya sekunde hiyo gari linakwenda kwa kasi ileile, halijapungua chochote. Pili, breki inashika na kasi inaanza kushuka. Tuchukulie gari dogo, matairi mazima, lami kavu, kasi inapungua kwa mita 7 kwa sekunde kila sekunde.

Kwa 50 km/h, yaani mita 13.9 kwa sekunde: sekunde ya kwanza umekwenda mita 13.9, breki zimekula mita 13.8. Jumla mita 28 hivi.

Kwa 80 km/h, yaani 22.2: mita 22.2 za kwanza, kisha breki mita 35. Jumla mita 57.

Kwa 100 km/h, yaani 27.8: mita 27.8 za kwanza, kisha breki mita 55. Jumla mita 83.

Kasi kutoka 50 hadi 100 ni mara mbili. Umbali wa breki kutoka 13.8 hadi 55 ni mara nne. Sababu yake ni nyepesi: ukiwa na kasi mara mbili, utachukua muda mara mbili kusimama, na katika muda wote huo unakuwa unakwenda kwa wastani wa kasi mara mbili. Mbili kwa mbili, nne.

Lakini kuna kitu kinanikosesha usingizi zaidi ya hiyo mara nne. Chukua mtoto ameingia barabarani mita 28 mbele yako. Aliyekuwa kwenye 50 amesimama pale pale, karibu na miguu ya mtoto. Aliyekuwa kwenye 80, anapofika alipo mtoto, bado anakwenda zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Na aliyekuwa kwenye 100? Mita 28 ndizo alizotumia kuhamisha mguu. Anamfikia mtoto akiwa kwenye 100 kamili, breki ndiyo kwanza inagusa.

Hizo ni hesabu za gari dogo. Basi lako lililojaa halipungui kwa mita 7 kirahisi, na breki za upepo zina kuchelewa kwake kabla hazijashika. Lami ikiwa na maji umbali unaongezeka tena. Abiria akikuambia kanyaga, mpe hizi namba.

Dereva Mkoani

Nimeziandika kwenye daftari la gari. Hiyo ya mguu haujafika kwenye breki sikuwahi kuifikiria hivyo. Ubarikiwe mwalimu.

Fundi Kampala

Wakubwa, nami niongeze la Uganda. Joshua Cheptegei alikimbia mita 10,000 Valencia tarehe 7 Oktoba 2020 kwa dakika 26 na sekunde 11. Yeye hana hayo mambo ya kupanda na kushuka kama Bolt. Alifuata taa zilizokuwa zinakimbia pembeni mwa uwanja kwa kasi isiyobadilika. Huyo mchapuko wake ni sifuri muda wote, si ndiyo?

Mwalimu wa Zamu

Ndugu wa Kampala, umeleta mtego mzuri.

Dakika 26:11 ni sekunde 1,571. Mita 10,000 kwa muda huo ni mita 6.37 kwa sekunde, karibu kilomita 23 kwa saa, kwa mizunguko 25. Jaribuni kukimbia hata mzunguko mmoja kwa kasi hiyo. Ni sekunde 63 kasoro.

Kwenye sehemu zilizonyooka uko sahihi, mchapuko ni kama sifuri. Kwenye kona, hapana. Velositi ni kasi pamoja na mwelekeo, na kwenye kona mwelekeo unabadilika kila hatua hata kama taa zinakwenda vilevile. Kinachobadilika kina mchapuko. Unaukokotoa kwa kuzidisha kasi kwa kasi, kisha kugawanya kwa nusu kipenyo cha kona. Kona ya uwanja wa kawaida ina nusu kipenyo cha mita 36.5 kwenye ukingo wa ndani, na mkimbiaji yupo nje yake kidogo. 6.37 mara 6.37 ni 40.6. Gawanya kwa 36.8, unapata 1.1.

Ni uleule 1.1 tuliouona kwa Bolt akiingia kipande cha tatu! Cheptegei kwenye kona, bila kuongeza kasi hata chembe, ana mchapuko sawa na wa Bolt anayeongeza kasi baada ya mita 20. Mchapuko huo unaelekea ndani, katikati ya kona, na ndiyo sababu wakimbiaji huegemea upande wa ndani wakipinda. Basi likikata kona abiria waliosimama wanayumbia nje kwa sababu hiyohiyo: basi limepata mchapuko wa kwenda ndani, miili yao inataka kuendelea moja kwa moja.

Tena jingine. Baada ya mizunguko 25 kamili Cheptegei amerudi alipoanzia. Umbali aliokimbia ni kilomita 10, lakini kutoka alipoanzia hadi alipoishia ni sifuri. Velositi yake ya wastani ni sifuri. Wanafunzi huwa wanakataa hili kwa hasira, na mimi huwaacha wabishane kwanza.

Chipukizi F2

Mwalimu, na Simbu? Alishinda marathoni Tokyo na muda wao ulikuwa sawa. Kama kasi ya wastani ni sawa, alishindaje?

Mwalimu wa Zamu

Hapo umenifurahisha. Tarehe 15 Septemba 2025 Alphonce Simbu aliiletea Tanzania dhahabu ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wote wameandikiwa 2:09:48. Sekunde 7,788 kwa mita 42,195 ni mita 5.42 kwa sekunde, kilomita 19.5 kwa saa. Ukiishia kwenye wastani huwezi kuwatofautisha.

Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03. Simbu alikuwa nyuma ya Petros mita za mwisho, na mtu hawezi kutoka nyuma akapita bila kasi yake ya wakati ule kuzidi ya aliye mbele. Hiyo kasi ya pale pale ndiyo iliyoamua dhahabu. Tuchukulie walikuwa wanakimbia mita 6 kwa sekunde mwishoni: 6 mara 0.03 ni mita 0.18. Haifiki shibiri, baada ya zaidi ya kilomita 42.

Mama wa Wawili

Mwalimu shule yetu haina vifaa vya maabara. Watoto wanaweza kupima wenyewe mambo haya kwa namna gani?

Mwalimu wa Zamu

Wanaweza, dada. Simu moja inatosha. Wachomeke vijiti kila baada ya mita 5 pembeni mwa uwanja, hadi mita 40. Mmoja asimame mbali kwa pembeni, ashike simu bila kuizungusha, arekodi video mwenzake akikimbia kutoka kusimama. Simu nyingi hurekodi picha 30 kila sekunde, maana yake kila picha ni sekunde 0.033. Wakiisogeza video picha moja moja wanahesabu mkimbiaji amevuka kila kijiti kwenye picha ya ngapi, wanazidisha kwa 0.033, na tayari wana orodha kama ya Bolt. Wachore grafu ya kasi dhidi ya muda. Mstari ukipanda mkali, mchapuko ni mkubwa. Ukilala, mchapuko umekwisha. Na eneo lililo chini ya mstari ni umbali aliokimbia, wakilikokotoa lije karibu na mita 40, kama halikuja wahesabu picha upya.

Anayerekodi asisimame karibu na vijiti. Akiwa karibu, kijiti cha mbali kinaonekana kimevukwa kabla au baada ya wakati wake halisi. Arudi nyuma mita 25 au 30, sawa na katikati ya njia.

Kwa simu hiyohiyo usingeweza kumtofautisha Simbu na Petros, maana tofauti yao ni chini ya picha moja. Kamera za mstari wa kumalizia huchukua maelfu ya picha nyembamba kila sekunde. Lakini kwa mtoto wa kidato cha pili anayekimbia uwanja wa shule, picha 30 zinatosha kabisa. Mkishapima leteni namba zenu hapa, tuzikokotoe pamoja.